Robo ya Kidonge

Busia,
Jumapili, 3 Oktoba 1976

Kwa kaka yangu Salim,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Juba, mvua zimepungua, na lile goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Sisi hapa tuko. Mama anakusalimu sana. Macho yake ni yale yale, lakini masikio bado makali, ukinong'ona jikoni anakujibu kutoka uani. Nyumba ya Mundika haikuvuja mwaka huu. Mahindi yalitoka kidogo, maharagwe yakaliwa na wadudu, sasa mhogo ndio unaotushikilia. Idd tuliisali, ila haikuwa sikukuu, hilo hata bila kuambiwa unalijua.

Mkeo Naliaka naye hajambo, anapata nguvu pole pole. Mtoto ni mkubwa, ana mapaja ya mpiganaji, na sauti yake akilia wanaisikia hata kwa Wabwire ng'ambo ya barabara. Leo ana siku kumi na tisa na hana jina. Mama ananung'unika kwamba siku ya saba imepita na nywele hazijanyolewa, lakini Naliaka alisema tungoje neno lako, nasi tukangoja.

Neno lako limefika. Vitalis alinikabidhi barua yako Ijumaa ile ya kabla ya Idd, pale pale Malaba kwenye foleni, nikaisomea kivulini mwa lori lake. Umeniomba mambo mawili. Kwanza, nikuandikie siku za mwisho za Zainabu, zote, nisifiche kitu, kwa sababu telegramu ilikuwa na maneno sita tu na wewe ni baba. Pili, mtoto aitwe Ramathan, awe somo yangu, kwa sababu, ulivyoandika mwenyewe, hakuna mtu chini ya jua aliyemhangaikia dada yake kama mimi. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu, nikakunja barua, nikaenda kuketi ofisini bila kufanya kazi.

Nitakujibu la kwanza. La pili utajijibu mwenyewe ukifika mwisho. Nakuomba kitu kimoja tu, usome kwa utaratibu, na usiruke.

Ulipokuja Desemba kwa Idd kubwa ulimkuta ananenepa. Ulimwona akiruka kamba na watoto wa Wabwire mpaka kanga ya mama yake aliyojifunga ikamtoka, na sisi sote tukacheka. Ulirudi kazini ukijua mtoto amepona. Nami nilijua hivyo. Zile sindano za mwaka jana zilikuwa zimefanya kazi, na kilichobaki kilikuwa kidonge kimoja cha manjano kila siku asubuhi, kama vile mtu anavyokunywa chai. Naliaka alimpa bila kukosa hata siku moja. Nakwambia hata siku moja.

Mwezi wa nne ugonjwa ulirudi. Ulianza na ile michubuko ya bluu kwenye miguu, halafu uchovu, halafu homa za jioni. Nikampeleka tena Nairobi kwa Daktari Kiprono. Huyu humjui vizuri: ni kijana mwembamba wa Kericho, anaongea chini chini hata unatamani kumwambia apaze sauti. Tangu siku ya kwanza aliniita Baba Zainabu, nami sikumsahihisha. Nilijisikia vizuri kuitwa hivyo, ndugu yangu. Nisamehe na hilo pia.

Daktari alirudia sindano. Zikasaidia wiki chache, zikashindwa. Mwanzo wa mwezi wa saba akaniita peke yangu, maana Naliaka alikuwa na tumbo la miezi saba na safari ya Nairobi hakuiweza. Akanieleza kwamba ile saratani ya damu imeizoea dawa. Nilimuuliza ugonjwa unazoeaje dawa, ni mbwa? Hakukasirika. Akasema kuna kitu ndani ya mwili wa kila mtu kinaitwa enzaimu, kazi yake ni kuvunjavunja vitu vinavyoingia. Kidonge cha manjano kikiingia, enzaimu inakivunja kwa sehemu kubwa kabla hakijafika ndani ya mifupa, kwenye uboho, ambako ugonjwa umejificha. Kinachofika ni kidogo, na ugonjwa umejifunza kuishi na hicho kidogo.

Sasa, akasema, iko dawa nyingine, kidonge cheupe, wanapewa wazee wenye jongo la miguu. Nilicheka. Mtoto wa miaka tisa na dawa ya jongo! Akaniambia kazi yake ni kuishika ile enzaimu isifanye kazi. Vikitolewa pamoja, cheupe kinaizuia enzaimu, cha manjano kinapita kikiwa kizima mpaka ndani ya mifupa. Alisema wazungu wameijaribu kwingine, baadhi ya wagonjwa imewasaidia na wengine haikuwafaa. Kwamba nisiweke tumaini kubwa. Labda miezi, labda mwaka, labda hakuna kitu. Lakini ndiyo njia iliyobaki.

Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni ajenti wa forodha Malaba, na madereva wananiita Pitisha. Akatabasamu, akasema basi nitaelewa haraka. Kidonge cha manjano ni lori. Enzaimu ni askari wa mpakani wanaoshusha mizigo mpaka lori linafika sokoni likiwa karibu tupu. Kidonge cheupe kinawalaza askari. Nikapiga paja, nikamwambia daktari, sasa unaongea lugha yangu.

Akanipa dawa zote mbili, za mwezi mzima. Akaandika maelezo juu ya bahasha kwa mkono wake, akanisomea. Akaniuliza kama nyumbani vimebaki vile vidonge vya manjano vya zamani, akitaka nivirudishe. Nikamwambia vimekwisha. Nikapanda lori la Vitalis kurudi, na njia nzima nilikuwa naimba.

Tulianza Jumatatu tarehe tano Julai. Huo ndio wakati malori yalikuwa yamesimama Malaba kwa ule ugomvi wa mpakani, foleni imerudi nyuma hadi usione mwisho wake, madereva wanapika ugali chini ya trela. Mimi sikuwa na kazi, nikawa nashinda nyumbani na Zainabu. Wiki ya kwanza alikuwa na nguvu, wallahi nakwambia kweli. Alikula samaki. Alitaka tumpeleke Malaba akaone malori, nikambeba nyuma ya pikipiki ya Wabwire, akaketi kwenye kiti mbele ya ofisi yangu na daftari lake, akiandika namba za malori na anakotoka kila moja. Kila dereva aliyepita alimuuliza kama anatoka Juba. Waliokuja kutoka huko aliwauliza kama wanakujua. Dereva mmoja Mteso akamdanganya kwamba anakujua vizuri na kwamba umenenepa kama nguruwe, Zainabu akamwambia babake hawezi kufananishwa na nguruwe, ni Mwislamu. Tulicheka siku nzima.

Nilitembea mji mzima nikijisifu. Niliwaambia watu wa msikitini kwamba Nairobi wamepata ufunguo, na ufunguo ule nimeuleta mimi. Unanijua. Mdomo huu ungeweza kuuza chumvi kwa mtu wa Magadi.

Wiki ya pili akaanza kulalamika mdomo. Naliaka alitazama akaona vidonda vyeupe kwenye ulimi na mashavu ndani. Akampa maji ya chumvi. Mimi nikasema ni dawa inapigana, vita haviendi bila kelele. Siku ya kumi na sita pua ikaanza kutoka damu, ikakataa kukoma hadi jioni. Siku ya kumi na tisa alipata homa ya kutetemeka. Tarehe ishirini na nne nilimfunga blanketi, nikamweka mbele kwenye lori, kati yangu na Vitalis, tukaenda. Naliaka alisimama mlangoni ameshika tumbo. Hakulia. Aliniambia tu nimrudishe.

Daktari alisoma majibu ya damu, akayasoma tena. Akasema chembe nyeupe zimekwisha, mbovu na nzuri zote, uboho umekauka. Akanivuta kando kwenye korido. Akaniuliza, tena taratibu kabisa, ni kiasi gani tulikuwa tukimpa cha kile kidonge cha manjano, ilikuwa robo kama alivyoandika? Kwa sababu, akasema, angekuwa amepewa kizima pamoja na kile cheupe, yeye angeelewa anachokiona. Askari wakilala, kizima ni kama kumpa mtoto vidonge vinne kila siku, na vinne vinaua uboho wote. Lakini kwa robo haelewi.

Nikamjibu ilikuwa robo. Akaniuliza tena, kila siku? Nikasema kila siku, robo. Nikaapa.

Salim, haikuwa robo.

Hapa kalamu ilinigomea tangu adhuhuri, na sasa watu wanatoka kusali alasiri. Wacha niseme yote mara moja. Daktari aliniambia robo mara tatu. Aliandika robo juu ya bahasha, akaizungushia duara. Alinieleza na sababu yake, kwamba kwa kuwa sasa hakuna cha kuivunja, kidogo kinatosha, na zaidi ya hapo ni sumu. Nilisikia maneno yote. Tatizo ni kwamba niliyasikia kwa masikio ya Malaba.

Wewe umekua hapa, unajua robo ni nini. Robo ni neno la shida. Mama wa ng'ambo akivuka kutafuta sabuni anapewa robo ya mche kwa sababu hakuna. Robo ya sukari, robo ya mafuta ya taa. Hakuna mtu mpakani aliyewahi kupewa robo kwa faida yake. Nikajiambia, hawa nao ni wale wale, dawa ni chache, watoto ni wengi, wanagawa robo robo halafu wanapamba maneno ili tusilalamike. Mtoto wa ndugu yangu ale robo na mimi nipo? Na ule mfano wa askari ndio uliniharibu kabisa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja. Mtu wa Malaba akiambiwa askari wamelala, hapitishi robo ya lori. Anapitisha lori zima, na kama kuna trela analifunga nyuma.

Vile vidonge vya zamani havikuwa vimekwisha. Vilikuwa ishirini na kitu ndani ya chupa, juu ya kabati. Nilimdanganya daktari kwa mazoea tu, kwa sababu mtu wa kazi yangu harudishi mzigo. Nilipofika nyumbani nikavichanganya na vile vipya ndani ya mkebe wa majani ya chai. Bahasha yenye maandishi nikaitupa jikoni ikaungua, kwa sababu Naliaka anajua kusoma. Yeye aliniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia cha manjano ni kama zamani, kimoja kizima, na hiki cheupe juu yake. Aliuliza kama hakuna karatasi. Nikasema hakuna. Akampa kwa mkono wake, siku kumi na tisa, bila kukosa hata moja.

Usiniambie kwamba angekufa tu. Hayo nimeshajiambia, tena vizuri kuliko utakavyoweza wewe. Pengine angekufa Desemba. Pengine mwakani. Pengine hata robo ingemshinda. Hakuna atakayejua, kwa sababu robo hakuipata.

Alikaa siku kumi na moja wodini. Sitakuandikia kila siku, nimejaribu nimeshindwa. Hakuweza kumeza. Damu ilikuwa inatoka kwenye fizi. Siku moja kabla ya mwisho, nilikuwa nimemwegemeza kifuani, akatema damu kwenye shati langu jeupe, lile ulilonipa wewe, akaniomba radhi kwa kulichafua. Aliniambia, Baba Mdogo, nisamehe. Mimi! Nikamwambia shati si kitu. Jumatano asubuhi tarehe nne aliniuliza kama malori yameruhusiwa kupita. Nikasema ndiyo. Yalikuwa hayajaruhusiwa. Akafa kabla ya chai kuja.

Tulimzika Mundika, karibu na baba. Watu walijaa. Wote walinishika mkono, wakaniambia nimejitahidi, na wazee wakasema sikio la kufa halisikii dawa. Kila aliyesema hivyo nilitamani kumziba mdomo. Sikio lilisikia, ndugu yangu. Lilisikia dawa mara nne.

Ningenyamaza. Nakwambia ukweli, kama mambo yangeishia kaburini mimi ningenyamaza hadi nizikwe nayo. Lakini kuna mtoto mwingine.

Kitanda cha pili kutoka kwa Zainabu alilazwa msichana anaitwa Atyang, wa miaka saba, mtoto wa mzee Omoding wa Kocholia. Ugonjwa ni ule ule, na dawa ilikuwa imezoeleka vile vile. Naye alikuwa aanzishiwe vidonge viwili, cheupe na robo ya manjano, Jumatatu inayofuata. Zainabu alipokufa, daktari aliahirisha. Alimwambia Omoding mbele yangu kwamba hata robo imekuwa nyingi kwa mtoto wa Busia, kwa hivyo anaogopa. Nilikuwa nimesimama pale nikikunja blanketi. Ningesema neno moja tu. Nikakunja blanketi.

Katikati ya Septemba Omoding aliruhusiwa kwenda na mtoto nyumbani, maana Nairobi hawakuwa na la kumfanyia. Alipita Busia kunipa pole, akamwacha Atyang amelala kwa shangazi yake sokoni. Nikampa chai. Akaniambia amefikiri sana, anataka arudi kumpigia daktari magoti amjaribie tu ile dawa, maana mtoto anakwenda hivi hivi. Akauliza mimi niliyeyaona kwa macho nina ushauri gani. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nami nikamwambia, mzee, mpeleke nyumbani akapumzike. Akanishukuru. Akamaliza chai yake, akaondoka.

Siku nane baadaye barua yako ikafika na jina lile.

Baada ya Idd nilipanda lori kwenda Nairobi. Nilimkuta Daktari Kiprono chumbani kwake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia chupa ya kabatini hadi bahasha. Nilidhani atanipiga, au ataita polisi. Akatoa faili la Zainabu, akafungua mahali alipokuwa ameandika robo, akapiga mstari, akaandika upya pembeni pole pole. Hakuniita Baba Zainabu tena. Aliniuliza jina langu. Akaniambia kama yule wa Kocholia bado yuko hai nimlete, wiki hii, sio ijayo.

Alhamisi nikaenda Kocholia. Atyang yupo hai. Nilimwona amelazwa kwenye mkeka mlangoni, miguu imebaki mifupa, inzi wanafukuzwa kwa tawi. Alinitazama, akanikumbuka, akauliza yule rafiki yake wa kuandika malori yuko wapi. Nilimwita Omoding pembeni, nikamweleza vile nilivyomweleza daktari, nikamwambia Vitalis yuko barabarani na lori linanguruma, tumbebe sasa hivi.

Omoding si mtu wa kelele. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba wiki mbili zilizopita alikuja kwangu kuuliza, nikamwambia ampeleke nyumbani, naye amempeleka nyumbani. Leo namwambia amtoe nyumbani. Akaniuliza yeye, mtu ambaye hajasoma, atajuaje ni siku gani nadanganya na siku gani nasema kweli. Nikamwapia kwa Mungu. Akasema nilimwapia hata daktari. Akanishika mkono vizuri, kwa heshima, akanisindikiza hadi barabarani, akampungia Vitalis, akarudi kwa mtoto wake. Nimemtuma imamu kwake jana, nimemtuma na chifu. Amewapa chai. Mtoto hajatoka. Vitalis anasema kwa alivyomwona hatamaliza wiki.

Naliaka nilimwambia Ijumaa. Alikuwa ananyonyesha. Aliniuliza swali moja, kwamba je, kila asubuhi alipokuwa akimwambia Zainabu ameze upone, mimi nilikuwa chumba cha pili nasikia? Nikasema nilikuwa nasikia. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akajifunika, akaenda kukaa kwa Mama. Chakula ananipikia. Salamu ananijibu. Lakini mtoto hanipi kumshika tena, nami simlaumu. Mama bado hajui, au anajua kwa masikio yake yale na ananyamaza.

Basi ndiyo hayo. Uliniambia nisifiche. Sikuombi msamaha kwa barua, mambo kama haya hayapitishwi kwa barua. Ukija nitakuwepo. Sitakwenda popote, wala Malaba sirudi. Kazi nimeiacha, na mtu akiniita Pitisha njiani nageuka upande mwingine. Ukitaka kunifikisha kwa chifu au kortini, nitatangulia mwenyewe. Kosa ni langu. Naliaka hana kosa hata chembe, nakuomba umwandikie yeye kabla hujaniandikia mimi, umwambie hivyo kwa mkono wako, maana mimi nikimwambia hasikii.

Daftari la Zainabu nimekufungia ndani ya bahasha hii. Malori ni mia moja na arobaini na mawili. Utaona ukurasa wa mwisho ameandika Juba juu kabisa, akalipigia mstari jina hilo, na chini hakuandika kitu. Alikuwa anakungoja.

Vitalis anaondoka kesho asubuhi na saruji, Mungu akipenda ataifikisha barua hii mkononi mwako mwenyewe. Wasalimie wenzako wa gereji, na yule fundi Mwarabu aliyekupa dawa ya goti. Mama anasema uvae soksi. Naliaka nimemuuliza kama ana neno, akasema nikuandikie kwamba mtoto bado anangoja jina. Mchagulie la baba, au la babu, au la mtu yeyote mwema utakayekutana naye huko. Mimi langu naliandika hapa chini kwa sababu barua haiendi bila jina. Nakuomba liishie hapa.

Ndugu yako,
Ramathan